Kontrola ya sola inaandika betri imejaa saa tano na nusu asubuhi, saa tatu usiku inveta inalia. Kosa liko wapi?

Mkulima_Kahe

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kabla sijamwaga hela kwenye betri mpya.

Mfumo uko shambani Kahe, huku chini ya Moshi, nguzo za umeme ziko mbali. Vifaa ni hivi. Paneli 4 za wati 330. Nyuma zimeandikwa 37.8 V na 8.74 A, na 46.2 V zikiwa hazina mzigo. Zimefungwa mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo mbili kwa sambamba. Kontrola ni MPPT (aina inayoshusha volti za paneli na kuzigeuza ampea zaidi za betri) ya ampea 60, inapokea hadi volti 150 za paneli. Betri 4 za maji za 12V 200Ah zimefungwa kuwa 24V 400Ah, zina mwaka mmoja na miezi minne. Inveta ya wati 1500.

Kontrola ipo ukutani barazani, upande wa magharibi. Betri zipo stoo. Kati yake kuna waya wa 6 mm², kama mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, na breka moja (swichi ya kukata umeme) katikati.

Mzigo: friji dogo, TV, taa 9 za LED za wati 7, chaji za simu na redio.

Sasa tatizo. Asubuhi ampea zinapanda vizuri, saa tatu na nusu zinafika 31. Hapo skrini inasoma 28.3 na inaganda hapo. Saa tano na nusu inaandika floti (chaji ndogo ya kutunza betri iliyojaa), picha ya betri inaonyesha imejaa, ampea zinaporomoka hadi 5 au 6, na jua lote la mchana linapita hivi hivi. Usiku saa tatu inveta inaanza kulia, saa nne imezima. Fundi anasema betri zote nne zimekufa. Paneli nimezifuta, maana vumbi la Kahe halina likizo. Hakuna mabadiliko.

mtaa_wa_tatu

Zimekufa hizo mkuu. Betri iliyokufa ni kama dumu lililojaa mchanga, unatia maji kikombe kimoja linafurika. Inajaa haraka, inaisha haraka. Chukua lithiamu uachane na habari za kuongeza maji.

Fundi_UsaRiver

Dumu la mchanga ni mfano mzuri, ila dalili hiyo hiyo inatolewa pia na betri nzima ambayo haijawahi kujazwa. Zote mbili zitakuzimia usiku. Kuzitofautisha kunahitaji mita ya elfu ishirini na haidromita (kipima uzito wa asidi), si betri za milioni.

Tuanze na hesabu ya mzigo. Friji dogo chukua wati-saa 800 kwa siku. TV ya wati 60 kwa saa 5 ni 300. Taa zote saa 5 ni 315. Simu na redio 100. Halafu kuna kitu ambacho watu hawakihesabu: inveta yenyewe inakula wati 20 hivi hata kama hakuna kilichochomekwa, kwa saa 24 ni 480. Ukiongeza na kinachopotea ndani ya inveta unapata kama 2200, yaani ampea-saa 92 kwenye 24V. Benki yako, yaani betri zote pamoja, ni 400, nusu yake ni 200. Ilitakiwa ikuvushe siku mbili za mawingu ya Juni bila kelele.

Angalia pia kipande cha jioni peke yake. Toka jua linazama hadi saa tatu usiku unatumia ampea-saa 20 hivi, asilimia 5 ya benki. Kama inalia hapo, betri zinaingia usiku zikiwa na njaa.

Kabla ya kusema zimekufa, lete vipimo hivi:

1. Saa tatu na nusu, ampea zikiwa juu ya 25, soma skrini, na dakika hiyo hiyo pima volti kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Ncha ya mita iguse risasi ya betri, isiguse lagi (kichwa cha chuma kwenye ncha ya waya) wala bolti.
2. Ingia kwenye setingi uangalie aina ya betri iliyochaguliwa.
3. Alasiri, ikiwa kwenye floti, skrini inasoma ngapi?
4. Alfajiri kabla ya jua, zima inveta, tenganisha betri, subiri nusu saa, pima kila betri peke yake.
5. Haidromita, vyumba vyote 24 (sita kwa kila betri). Vaa miwani na glovu.

Mkulima_Kahe

Asante fundi. Nimetumia siku mbili, haya hapa:

Saa 3:40 asubuhi, ampea 31. Skrini 28.3. Kwenye betri 26.9.
Setingi imeandikwa jeli, wakati betri zangu ni za maji.
Alasiri saa tisa na nusu, floti, skrini 26.7.
Alfajiri: betri A 12.15, B 12.12, C 11.86, D 12.14.
Haidromita: A, B na D vyumba vyote ni kati ya 1.180 na 1.195. C vyumba vitano ni hivyo hivyo, cha nne kutoka upande wa chanya ni 1.130.

Hiyo tofauti ya 28.3 na 26.9 nilidhani mita ni mbovu, nikaazima nyingine, ikasoma hivyo hivyo.

shaba_tupu

Mita zako ni nzima. Kontrola nayo haisemi uongo, inasema inachokiona miguuni pake. Inaona 28.3 kwenye skrubu zake, lakini mita 5 mbele betri zinaona 26.9. Volti 1.4 zimepotea njiani.

Hesabu ya waya: shaba ina ukinzani wa omu 0.0175 kwa mita ukiwa na unene wa milimita moja ya mraba. Mita 10 (kwenda na kurudi) mara 0.0175, gawa kwa 6, unapata omu 0.029. Zidisha kwa ampea 31: volti 0.9. Hapo waya umejieleza. Bado 0.5 haina mwenyewe, na dau langu liko kwenye breka.

Weka mita kwenye volti za DC ndogo, ampea zikiwa zinapita, pima kipande kwa kipande:
– skrubu ya chanya ya kontrola hadi mdomo wa kuingilia breka
– mdomo wa kuingilia hadi wa kutokea breka
– mdomo wa kutokea hadi risasi ya chanya ya betri
– risasi ya hasi ya betri hadi skrubu ya hasi ya kontrola

Jumla lazima ikaribie 1.4. Breka nzima kwa ampea 31 isizidi 0.1.

Halafu chukua kisu ukwangue ncha ya waya. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, huo ni alumini iliyopakwa shaba. Umejaa madukani, Moshi na Arusha kote, bei rahisi, na ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba.

Mama_Ngaramtoni

Nimesoma namba za Mkulima mara mbili, kuna makosa matatu yanayovutana upande mmoja, ndiyo maana yamekuwa makubwa.

La kwanza shaba_tupu kashalieleza.

La pili ni hiyo jeli. Kwa kontrola nyingi jeli ni 14.2 kwa betri, yaani 28.4 kwenye mfumo wako. Betri za maji zinataka 14.4 hadi 14.8, setingi ya maji kwa kawaida inatoa 14.6, yaani 29.2. Toa upotevu wa njiani: kila betri yako inachajiwa kwa 13.45. Hiyo haifiki hata floti ya kawaida ya 13.8. Kaka, betri zako hazijawahi kuonja volti 14 tangu zifungwe.

La tatu ni ukuta wa magharibi. Kontrola yako inapima joto ndani ya sanduku lake na inadhani ndiyo joto la betri. Betri ya risasi ikipata joto inatakiwa kupunguziwa volti, kama 0.024 kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na kwa 24V ni 0.048. Alasiri jua linapiga ukuta, sanduku linafika nyuzi 44, kontrola inapunguza nyuzi 19 za ziada (44 kuondoa 25) mara 0.048, unapata 0.9. Floti ya 27.6 inakuwa 26.7. Namba yako ya saa tisa na nusu ni hiyo hiyo. Hata asubuhi, ile 28.3 badala ya 28.4 ni sanduku kupata nyuzi 27 au 28. Huku betri zako stoo zimepoa kwenye sakafu.

Sasa kwa nini inaandika imejaa. Kontrola hazijui betri imejaa kwa kuiangalia. Zinafanya hivi: zinasukuma ampea zote hadi volti zifike kiwango kilichowekwa, zinashikilia volti hizo kwa muda, kisha zinashuka floti. Muda wa kushikilia mara nyingi ni saa mbili kwa saa ya ukutani, basi. Yako ilifika kiwango saa tatu na nusu, ikahesabu saa mbili, saa tano na nusu ikafunga duka. Kiwango chenyewe ilikifikia mapema kwa sababu ya waya: ampea zikiwa nyingi, upotevu unakuwa mkubwa, skrini inapanda haraka kuliko betri. Jua zuri linaifanya idanganyike zaidi. Zipo zinazoangalia pia volti za alfajiri (Victron wanafanya hivyo: chini ya 11.9 kwa betri inaweza kushikilia hadi saa 6, juu ya 12.6 ni saa moja tu), lakini hata hiyo ikifungwa na waya mwembamba itashikilia volti zisizo za betri.

mtaa_wa_tatu

Basi rahisi, apandishe setingi iwe 30 afidie zinazopotea. Hakuna haja ya kununua waya.

Mama_Ngaramtoni

Hapana kaka yangu, hapo ndipo betri zinapochemshwa. Upotevu unategemea ampea. Kwa ampea 31 unapoteza 1.4, kwa ampea 6 unapoteza 0.3. Betri zikikaribia kujaa zinavuta ampea chache, upotevu unayeyuka, na ile 30 uliyoweka inatua yote kwenye betri kwa masaa. Maji yanakauka, pleti zinachanika, na inveta nyingi za 24V zinakataa kufanya kazi zikiona 30 na kitu.

Mkulima_Kahe

shaba_tupu umepiga palepale. Nimepima kipande kwa kipande, ampea 31:
chanya 0.28 hadi kwenye breka, breka yenyewe 0.41, breka hadi betri 0.25, hasi yote 0.46. Jumla 1.40.

Breka inaunguza mkono. Waya nimekwangua, ni shaba kweli. Breka imeandikwa C63, 230/400 V na alama ya wimbi.

shaba_tupu

Alama ya wimbi ni AC. Hiyo ni breka ya nyumba ya umeme wa gridi. 0.41 mara 31 ni karibu wati 13 za moto ndani ya kiboksi cha plastiki, usiku na mchana unaomba Mungu. Na AC inapita sifuri mara 100 kwa sekunde ndiyo maana cheche yake inazimika. DC haipiti sifuri. Siku ya shoti inaweza isikate, cheche ikaendelea kuwaka ndani.

Itoe kabisa. Upande wa betri weka fyuzi ya ANL (bapa, ya kufungwa kwa bolti) ya ampea 80 kwenye kishikio chake, sentimita 20 hivi kutoka kichwa cha chanya. Kama unataka swichi, nunua breka ya DC, na kama imechorwa + na − fuata michoro hiyo. Nyingi zina upande, ukizigeuza zinaungua badala ya kukata.

Fundi_UsaRiver

Sasa kazi yenyewe. Usinunue mita 10 za waya mnene. Hamisha kontrola. Waya mrefu unavumilika upande wa paneli, upande wa betri hauvumiliki, na sababu ni volti. Paneli zako kwa mfululizo zinatoa 75 V na ampea 17. Ukirefusha waya wa paneli mita 5 kwa ule ule wa 6 mm², unapoteza volti nusu kati ya 75, na MPPT haijali. Volti nusu hiyo hiyo upande wa betri ni tofauti ya betri kujaa na kutojaa. Kwa hiyo waya wako wa zamani haupotei, unahamia upande wa pili.

Vya kununua: waya wa shaba wa 25 mm² mita 3 (mita 1.5 chanya, mita 1.5 hasi, ule laini wa mashine ya kuchomelea unafaa sana kama ni shaba), lagi 4 za 25 mm² zenye tundu la bolti zako, fyuzi na kishikio chake, na kihisi cha joto cha kontrola yako chenye waya wake. Kama skrubu za kontrola hazimezi 25, tumia 16 kwa urefu huo huo, ila fyuzi iwe 70. Lagi zibanwe kwa mashine ya kubania. Nyundo na bisibisi ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo yanayoitwa kontrola mbovu.

Kontrola ikae ndani stoo, mita moja au zaidi pembeni ya betri, isiwe juu yake. Betri za maji zinatoa mvuke wa asidi na haidrojeni, bodi italiwa ndani ya mwaka.

Mpangilio wa kufungua: kwanza kata paneli (swichi ya paneli, au funika kwa blanketi zito ndipo uchomoe), kisha inveta, betri mwisho. Kufunga ni kinyume, betri kwanza, subiri skrini iwake na itambue 24V, kisha paneli. Ukitoa betri wakati paneli zinaleta volti 75, kontrola inabaki haina pa kupeleka umeme, na nyingi hufa hapo hapo kimya kimya.

Setingi mpya: aina iwe betri za maji, 29.2 ya kushikilia, floti 27.6, muda wa kushikilia uongeze uwe saa 3. Kihisi cha joto kibandike kwa gundi ya tepu ubavuni mwa betri, nusu ya kimo.

Na angalia sambamba ya betri zako. Chanya ya kontrola na inveta ichukuliwe kwenye jozi ya kwanza, hasi ichukuliwe kwenye jozi ya pili, kwa mshazari. Zikichukuliwa zote kwenye jozi moja, hiyo moja inafanya kazi na nyingine inashangilia.

Kisongo_24V

Samahani kuingilia uzi. Mimi niko Kisongo, Arusha, shida ni kinyume: asubuhi inachaji vizuri, saa sita jua likiwa kali ampea zinashuka na volti hazivuki 26. Paneli 3 za wati 275, zote kwa sambamba, nyuma 31.2 V na 38.1 V. Betri 24V. Kontrola imeandikwa MPPT.

shaba_tupu

Paneli za seli 60 kwa sambamba kwenye 24V, ni kosa la kawaida sana. Ile 31.2 ni ya maabara, seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati mchana seli zinafika 65. Zinapoteza asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi, nyuzi 40 ni asilimia 16 hadi 17. 31.2 inakuwa 26. Huwezi kujaza betri inayotaka 29 kwa paneli inayotoa 26. MPPT inashusha volti, haipandishi. Asubuhi paneli zimepoa ndiyo maana zinaweza.

Zifunge kwa mfululizo, lakini kwanza soma mwisho wa volti za kontrola. Tatu kwa mfululizo ni 114, na asubuhi ya Julai nyuzi 12 zinapanda hadi 119. Kontrola ya 150 inaweza. Ya 100 utaiua siku ya kwanza. Hapo ongeza paneli ya nne ya aina ile ile, ufunge mbili mbili.

Na hakikisha ni MPPT kweli. Ukiwa kwenye chaji kamili pima volti za paneli kwenye skrubu za kontrola. Zikiwa karibu sawa na za betri wakati paneli zimefungwa kwa mfululizo, ni PWM (kontrola rahisi inayounganisha paneli moja kwa moja na betri) iliyobandikwa jina. MPPT ya kweli ni nzito mkononi, ina koili ya shaba ndani.

bati_la_moto

Nyongeza kwa wote wawili: klampu mita nyingi za bei poa zinapima ampea za AC tu. Ukibana waya wa betri inasoma 0.00, unadhani hakuna chaji. Tafuta yenye alama ya mstari mnyoofu na nukta nukta chini ya A. Na ibonyeze sifuri kabla ya kubana.

Kwa Mkulima, usisahau C. Huwezi kuiacha hivyo.

Mama_Ngaramtoni

Kweli. Haidromita yako inaeleza mambo mawili tofauti. Vyumba vyote kuwa 1.190 ni njaa ya pamoja, betri ziko nusu (iliyojaa ni 1.265 hivi, robo tatu 1.225, nusu 1.190). Chumba kimoja kuwa nyuma kwa 0.050 au zaidi ni ugonjwa wa chumba hicho.

Ukishafunga upya, acha zijae siku mbili tatu, kisha zipe chaji ya kusawazisha, yaani volti za juu kwa muda ili vyumba vilivyo nyuma viwafikie wenzao. Hii ni kwa betri za maji tu, jeli na zilizozibwa usijaribu. Hakikisha maji yamefunika pleti, ila usijaze hadi juu, yatamwagika. Zima na chomoa inveta na mizigo yote ya 24V. Fungua madirisha, hakuna sigara wala kibatari stoo. Weka 30.4 kwa kuanzia, usivuke 31, na kama kibandiko cha betri kinasema namba nyingine fuata kibandiko. Pima vyumba kila saa. Vikiacha kupanda kwa vipimo vitatu mfululizo, acha. Betri ikizidi nyuzi 45, acha hata kama hujamaliza.

Baada ya hapo ndipo ujaze, kwa maji ya betri tu. Maji ya bomba na visima vya huku yana madini mengi, meno yetu ya kahawia ni ushahidi. Asidi usiongeze kamwe. Asidi haijapotea, imenasa kwenye pleti.

Nikuambie ukweli pia: miezi 16 ya njaa imeshagandisha salfeti (chumvi ngumu) kwenye pleti. Hutarudisha zote.

Mkulima_Kahe

Siku 11 baadaye, majibu. Kontrola iko ndani, waya 25 mm² mita moja na nusu, fyuzi 80, kihisi kiko kwenye betri B.

Ampea 34, skrini 29.1, betri 29.0. Floti inaingia saa nane na nusu mchana, ampea zikiwa zimeshuka zenyewe hadi 7. Inveta haijalia usiku wowote tangu Jumatano, alfajiri nasoma 12.4 hadi 12.5 kwa A, B na D.

Kusawazisha nilifanya saa 4. A, B, D sasa ni 1.250 hadi 1.260. C vyumba vitano 1.245, kile cha nne kimepanda hadi 1.175 kikagoma. Ikikaa usiku C inashuka hadi 12.0 peke yake.

Ninunue moja mpya niweke pembeni ya D?

Fundi_UsaRiver

Ampea 7 kwa benki ya 400 ni asilimia chini ya 2, sasa hiyo ndiyo betri iliyojaa kweli.

Moja mpya usinunue. Mpya kwenye mfululizo na ya zamani, ya zamani inajaa mapema na kuchemka, mpya inabaki nusu, baada ya miezi sita una mbili mbovu. Na C ukiiacha itakuwa inavuta jozi nyingine usiku kucha.

Toa C na D zote. Baki na A na B, 24V 200Ah. Mzigo wako ni ampea-saa 92, hiyo ni asilimia 46 kwa siku, unafika asubuhi bila shida kama jua lipo. Siku za mawingu zima friji na inveta saa nne usiku, tumia taa za 24V moja kwa moja. D iweke pembeni, ichaji mara moja kwa mwezi, ni ya akiba siku A au B ikianguka, kwa kuwa umri wao ni mmoja.

Ukitoa hizo mbili punguza kikomo cha ampea kwenye kontrola. Benki ya 200 ya maji isilishwe zaidi ya 40, na 30 inaipendeza zaidi.

Kisongo_24V

Nimefunga tatu kwa mfululizo, kontrola ilikuwa ya 150. Leo saa sita: paneli 81 V, betri 28.6, ampea 22. Asanteni.